Mwalimu Breki na Unga wa Kinga

Shule ile ya udereva ilikuwa na magari matatu, na moja tu ndilo lililokuwa na pedali mbili za breki: ya mwanafunzi, na nyingine upande wa pili, ya mwalimu. Gari hilo alipewa mwalimu mmoja wa kike, na wanafunzi wakamwita Mwalimu Breki. Kwa miaka kumi na mmoja mguu wake wa kulia ulikaa tayari juu ya ile pedali, na muda wote huo hakuna mwanafunzi wake aliyegonga hata kuku. Mkurugenzi wa shule alipenda kulitaja jambo hili mbele ya wageni, kana kwamba mguu wenyewe ni wake.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mfupi, mkavu wa maneno. Hakuwa mtu wa kupayuka. Mwanafunzi akiingia barabara kubwa bila kutazama kioo, alikanyaga breki na kusema kwa upole, "Hapo umeshatuua. Rudi nyuma tuanze upya." Watu wazima walishuka kwenye gari lile wakitetemeka zaidi kuliko waliofundishwa kwa matusi.

Ugonjwa ulianza na vidole. Asubuhi moja vilikataa kufunga vifungo vya blauzi, ikabidi mumewe amfungie. Mume alikuwa kinyozi, mwenye kibanda chake cha viti viwili barabarani mbele ya nyumba, kwa hiyo alikuwa na mikono myepesi, na hakuona ajabu. Baadaye ukaja uchovu, ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Halafu mabaka meusi yakamtanda mashavuni na juu ya pua kila alipokaa juani, na kazi yake ilikuwa ya kukaa juani. Zahanati ya mtaani ikampima mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa malaria, mara ya pili homa ya matumbo, na mara ya tatu mganga alifunga faili akasema labda ni mawazo.

"Mawazo gani?" aliuliza Breki.

"Wewe ndiye mwenye nayo," alijibu yule mganga, akaita anayefuata.

Kisha akaanza kuvimba. Vifundo vya miguu kwanza, halafu kope za macho asubuhi, halafu uso mzima. Hapo ndipo ulimwengu ulipompenda. Watu waliokuwa hawajawahi kumwambia neno la heri walimsimamisha njiani kumwambia amenawiri. Mkurugenzi alimtazama toka juu hadi chini kwenye kikao cha Jumatatu na kusema mbele ya wote, "Sasa hivi ndivyo mwalimu wa shule yangu anavyotakiwa kuonekana. Mteja akimwona tu, anajua hapa mambo yanaenda." Dada yake mkubwa, ambaye alipima furaha ya mtu kwa kilo, alimshika shavu akalibonyeza.

"Mdogo wangu, hatimaye. Nilikuwa naona haya kutembea na wewe. Watu walidhani shemeji anakunyima chakula."

Kinyozi alizipokea pongezi hizo kibandani kwake kwa unyenyekevu wa mtu aliyezifanyia kazi. Shavu la mkewe, pale lilipobonyezwa, lilibaki na alama ya kidole kwa dakika nzima. Hakuna aliyeitazama.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Breki hakumwambia mtu nje ya nyumba. Kila alipokwenda haja ndogo, choo kilijaa povu. Povu zito, la kukaa, kama la nguo zilizolowekwa. Aliangalia chupa ya sabuni ya chooni akaona ni mpya. Akamuuliza mumewe kwa nini ananunua sabuni kali namna ile.

"Ni ileile," alisema mume.

"Si ileile. Tazama povu lake."

Wakabadilisha sabuni. Povu likabaki. Wakabadilisha tena, wakajaribu maji matupu, na kinyozi akaanza kuamini kwamba bomba la mtaa lina kasoro. Aliandika malalamiko kwa mamlaka ya maji. Mamlaka ilimjibu kwa barua yenye mhuri kwamba maji yake hayana povu.

Wakati huohuo shemeji akaja na unga.

Shemeji huyu, mume wa dada mkubwa, alikuwa ameuza vitu vingi maishani kwa imani ileile moja. Aliuza vichujio vya maji, akauza bima, akauza viwanja ambavyo wenyewe walijitokeza baadaye. Sasa alikuwa na miezi saba katika afya. Aliingia sebuleni amevaa tai, akafungua mkoba, akatoa kopo la kijani lililoandikwa Kinga Tele na kulitua mezani.

"Shemeji," alisema, "hebu niambie, uchovu unao?"

"Ninao."

"Viungo vinauma?"

"Vinauma."

"Umeona?" Alimgeukia mkewe, naye akaitikia kwa kichwa. "Kinga imeshuka. Magonjwa yote yanatoka huko. Mwili wenye kinga nyingi hauguswi."

"Ndani ya huu unga mna nini?"

"Mna kinga," alisema shemeji.

Breki hakuamini, ila alikuwa amechoka, na kukataa kitu cha shemeji mbele ya dada kungemgharimu miezi ya kununiwa. Akakoroga vijiko viwili asubuhi na viwili jioni kwa wiki sita. Miguu ikaendelea kufura mpaka akaanza kufundisha amevaa ndala, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza wanafunzi katika somo la kwanza.

Siku ya ajali alikuwa na hakimu mstaafu. Mzee huyu wa miaka sitini na minne alikuwa ameendeshwa na madereva wa serikali maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu, gari na dereva wakaondoka pamoja siku hiyohiyo. Aliamua kujifunza. Aliendesha kama alivyohukumu, polepole na kwa kutoa sababu.

"Naingia kushoto," alisema wakikaribia lango la shule, "kwa kuwa kulia kuna ukuta."

Breki alikuwa na maumivu ya kichwa tangu alfajiri. Lango aliliona, kisha akaliona mara mbili. Mzee akachanganya pedali, gari likaruka mbele, na mguu ule wa miaka kumi na mmoja ukashuka. Ulishuka ukiwa mzito kama gogo, ndala ikapinda chini yake, ukaikosa breki. Gari likaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea na kuupiga ukuta wa shule, mahali palipoandikwa kwa rangi nyekundu USALAMA NI DESTURI YETU. Plasta ikamomonyoka. Yakabaki maneno mawili na nusu.

Hakuna aliyeumia. Hakimu alizima injini, akavuta breki ya mkono, akamgeukia mwalimu wake kumwomba radhi, akaona kwamba hamtazami.

"Mwalimu, unanisikia?"

"Nakusikia, mzee. Sikuoni vizuri."

Mkurugenzi alikuwa ameshatoka ofisini, lakini alikuwa anaukagua ukuta. Hakimu alimtazama kidogo, akapima mambo, akawasha tena gari. Alimpeleka Breki hospitali ya rufaa, safari ya dakika kumi iliyomchukua dakika arobaini, taa zote za dharura zikiwaka, bampa la mbele likining'inia, gia ya pili mwanzo hadi mwisho. Kwenye makutano makubwa askari wa barabarani alimsimamisha.

"Leseni, mzee."

"Sina," alisema hakimu. "Najifunza. Mwalimu wangu yuko hapa pembeni ila macho hayaoni, kwa hiyo kisheria sina mwalimu pia. Makosa ni mawili. Andika, nitakuja kukiri mwenyewe kesho asubuhi. Sasa hivi nipishe."

Askari, ambaye katika kazi yake yote hakuwahi kukiriwa kosa, akampisha. Kesho yake mzee alikwenda kituoni kweli, na ilimchukua nusu siku kuwashawishi wamshitaki.

Hospitalini presha ya Breki ilikuwa juu sana. Muuguzi alimpa kikopo, kisha akachovya kijikaratasi kwenye mkojo, kikageuka rangi ya kijani iliyoiva. Akakitazama mara mbili akaenda kumwita daktari wa figo.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliagiza damu, mkojo, na siku ya tatu, presha iliposhuka, akamchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano ya mgongoni kwenda kukitazama kwenye hadubini. Wiki ya pili alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Kinyozi alikuwepo, amekaa wima kama mteja.

"Una lupus," alisema daktari. "Na imeingia kwenye figo. Sasa, mwilini mwako kuna askari wanaolinda..."

"Daktari," Breki alimkatiza, "samahani. Nafundisha watu wazima. Niambie kama ilivyo."

Daktari alivua miwani, akaonekana kupumzika.

"Vizuri. Kuna protini zinaitwa kingamwili. Mwili unazitengeneza ili zinase vijidudu. Zako wewe, baadhi, zinanasa vitu vya mwili wako mwenyewe. Hasa vinasaba, vile vinavyokaa ndani ya kiini cha chembe hai, yaani seli. Chembe hufa kila siku, ni kawaida, na vilivyomo ndani humwagika. Kwa watu wengi vinasafishwa haraka. Kwako vinachelewa, na zile kingamwili zinaving'ang'ania. Vinashikana, vinakuwa vibonge vidogo sana, vinasafiri na damu."

"Vinakwenda kwenye figo."

"Vinakwenda kote. Ila damu yote inapita kwenye figo kuchujwa, tena na tena kutwa nzima. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Vibonge vinakwama humo. Na kuna kingamwili nyingine hazisubiri vibonge, zinajishika zenyewe moja kwa moja kwenye kichujio."

"Zikikwama ndiyo zinaziba?"

"Zingekuwa zinaziba tu tungeshukuru. Zikishikana pale zinaamsha protini nyingine za kinga, ambazo kazi yao ni kutoboa na kuita wenzao. Chembe nyeupe za damu zinakuja mbio. Zinafika, hakuna kijidudu hata kimoja, lakini zimeshafika. Zinamwaga palepale vitu vyao vya kuulia vijidudu. Kichujio kinawaka, kinavimba, kinavuja. Protini ambayo ingebaki kwenye damu inatoka na mkojo."

Breki alimgeukia mumewe. "Ndiyo povu."

"Ndiyo povu," alisema daktari. "Damu ikipungukiwa na protini hiyo, na figo ikashindwa kutoa chumvi, maji yanajaa miguuni na usoni. Presha nayo inapanda. Ikiachwa hivyo, kichujio kinageuka kovu. Kovu halichuji."

"Kwa hiyo sabuni haikuwa na kosa," alisema kinyozi, taratibu, akiwaza ile barua ya mamlaka ya maji.

"Sabuni gani?" aliuliza daktari.

Breki alikuwa anayapanga yale aliyosikia, moja nyuma ya jingine, kama anavyowapangia wanafunzi hatua za kuondosha gari. Watu walikuwa wamempongeza kwa miezi minne, na miezi yote hiyo vichujio vyake vilikuwa vinaungua.

"Daktari, nimekunywa unga wa kuongeza kinga. Wiki sita."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kinga yako haikuwa na upungufu wa bidii."

"Unga ndio ulioniletea?"

"Hapana. Ugonjwa ulitangulia unga. Kama umechochea, siwezi kusema, sijui ndani mna nini."

"Hata anayeuuza hajui," alisema Breki.

Vichujio vingi kati ya vile vilivyotazamwa vilikuwa vimewaka. Vichache vilikuwa makovu tayari. Daktari alieleza dawa: vidonge vya steroidi vya kuzima moto haraka, dawa nyingine ya kupunguza nguvu za kinga kwa miaka kadhaa, dawa ya zamani iliyowahi kutibu malaria, na ya presha, ambayo pia inapunguza protini inayovuja. Jua asikae. Chumvi apunguze.

Breki alipotoka hospitali, dada mkubwa aliitisha kikao cha familia.

"Nimesikia wanakupa dawa ya kushusha kinga," alianza dada, kwa sauti ya mtu anayesoma shitaka.

"Ndiyo."

"Na wewe unaimeza."

"Mara mbili kwa siku."

Macho yote yakamgeukia shemeji. Alikuwa amekunja mikono, ameumia kitaaluma. "Mimi sisemi neno," alisema, na akasema kwa robo saa. Mwisho akapendekeza njia ya kati: asubuhi Breki ameze za hospitali kushusha, jioni anywe unga kupandisha, mwili ukae sawa.

"Shemeji," alisema Breki, "mwanafunzi wangu akikanyaga breki na mafuta kwa pamoja, unajua namwambia nini?"

"Unamwambia nini?"

"Namwambia ashuke."

Dada alinuna. Alinuna miezi miwili na nusu, akituma salamu kupitia kwa kinyozi kila alipokwenda kumnyolesha mjukuu. Lakini shemeji hakuwa mtu wa kukata tamaa. Siku ya kliniki alimsindikiza Breki kwa hiari yake, na mkoba, kumwelimisha daktari. Breki alibaki nje kwenye benchi. Dakika ishirini zilipita. Shemeji alitoka tai imelegea, na kutwa nzima hakuuza kitu.

Breki alimwonea huruma. Alidhani mtu huyu, mwishoni mwa maisha ya kuuza, amejifunza jambo. Na kweli alikuwa amejifunza. Baada ya mwezi kopo jipya likatoka, la buluu, limeandikwa Kinga Kiasi, "kwa wale ambao kinga imezidi," na mgongoni, kwa herufi ndogo, maelezo ya vibonge vinavyokwama kwenye vichujio, sahihi kabisa, karibu neno kwa neno kama daktari alivyosema. Ndani ulikuwa unga uleule. Breki alilipima mkononi. Alimwita mumewe, wakalisoma pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu augue alicheka mpaka akakaa chini.

Kazini nako hawakumsahau. Mkurugenzi alimtaka aandike barua ya kujieleza ni kwa nini mguu ulivimba bila taarifa kwa mwajiri. Akaandika kurasa mbili: kingamwili, vinasaba, vibonge, vichujio, protini, maji, mguu, ndala, ukuta. Hakimu mstaafu alileta maelezo yake ya shahidi bila kuombwa, yamepigwa chapa, yakihitimisha kwamba kwa maoni yake hakuna wa kushitakiwa katika mnyororo huo mzima ila yeye mwenyewe. Katibu wa shule alizipokea zote mbili, akaziweka kwenye faili la "Ukuta."

Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Nywele zilikatika kwa mafungu, na kinyozi akaamua kumnyoa zote, mlango wa kibanda umefungwa, kwa mashine yake bora. Aliposimamisha mashine mkono ukabaki juu ya kichwa chake muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Steroidi zikamwondolea usingizi na kumpa hasira ambazo hakuwahi kuwa nazo, mpaka siku moja akampigia kelele mhubiri aliyekuja kumwombea. Homa kidogo ilimrudisha kitandani hospitali kwa siku tisa. Palikuwa na wakati alitaka kuacha dawa zote, na alichomwambia mumewe jioni hiyo ni kwamba amechoka kuwa uwanja wa vita wa kitu asichokiona.

"Mimi nakiona," alisema kinyozi. "Nakiona kwenye choo. Povu limepungua."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akilichunguza kila siku bila kumwambia, na tarehe ameziandika ukutani kibandani, chini ya kalenda.

Shule ilimpokea tena mwaka uliofuata, katika darasa la nadharia, ndani, mbali na jua. Mkurugenzi aliliita hilo kupandishwa cheo, na kwa kuwa ni cheo, hakikuja na kitu kingine. Breki alisimama mbele ya ubao na alama za barabarani, kilemba kichwani, mikono mirefu, akiwaambia watu wazima kwa upole ni kwa namna gani wangekufa. Hakimu alihudhuria ingawa alikwishafaulu nadharia mara mbili. Mtihani wa barabarani alianguka, kwa sababu alisimama katikati ya mzunguko kumpa haki yake kila aliyestahili kupita.

Mwezi wa kumi na nane wa dawa, daktari alitandaza majibu mezani. Protini kwenye mkojo ilikuwa imeshuka hadi karibu na kawaida. Zile kingamwili za vinasaba zilikuwa zimepungua, hazikuisha. Steroidi zingepunguzwa zaidi, nyingine angeendelea nazo.

"Na yale makovu?" aliuliza Breki.

"Hayo hayarudi. Tunalinda vilivyobaki."

"Vimebaki vingi?"

"Vya kutosha mtu kuishi vizuri, ukija kliniki."

Alitembea hadi nyumbani akifuata upande wa kivuli. Kibandani hapakuwa na mteja. Mumewe alikuwa anafagia, akasimama na ufagio.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tuendelee."

"Hadi lini?"

"Hawakusema."

Kinyozi aliegemeza ufagio ukutani, akakifuta kiti kwa taulo, akakigeuza kumwelekea. Breki akakaa, akavua viatu, viatu vya kweli vya kufunga kamba. Wakatazama barabara, wakimsema kwa sauti ya chini kila dereva aliyepita.